Boila Lisilougua

Mwenye kutaka kukohoa na akohoe sasa hivi, kabla sijaanza, maana huko ninakowapeleka kukohoa hadharani ni kosa. Nchi yenyewe inaitwa Salamani. Msihangaike na ramani. Iko mbali, mbali kabisa, wala haifanani na mahali popote mnapopajua. Mtu akimwona jirani yake humu ndani, macho ni yake, mimi simo.

Salamani hakiharibiki kitu. Hiyo si sifa tu, ni sheria. Miaka ya nyuma kulikuwa na daraja la mto Kiyeye, na injinia mmoja, mtu mzima na heshima zake, akasimama mbele ya watu akasema daraja lile lina ufa na masika hayatalivusha. Masika yakaja, daraja likaenda na maji, pamoja na basi lililokuwa juu yake. Serikali ikaunda tume. Tume ikakaa, ikala, ikanywa, ikatoka na jibu: kabla injinia hajasema, daraja lilikuwa limesimama, aliposema, likaanguka. Hapo mnataka ushahidi gani tena? Mtu alikuwa amelipigia daraja uchuro. Akafungwa maisha kwa kosa la kuvunja mali ya umma kwa mdomo, na bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Uchuro kwa vigelegele, Baba Mtukufu, mkuu wa nchi, akaitia sahihi.

Tangu hapo mambo yakanyooka. Tairi la akiba likapigwa marufuku, kwa sababu kubeba la tano ni kuyatukana manne yaliyoko chini. Wauza miavuli wakaonekana wanaita mafuriko, wakafukuzwa sokoni. Hospitali ikaitwa Nyumba ya Wazima, na ili ulazwe ilibidi kwanza uthibitishe kwamba huumwi. Maseremala wa majeneza waliruhusiwa kuendelea, ila waseme ni makabati. Hata ile methali ya wahenga, mficha maradhi kilio kitamuumbua, ilifutwa vitabuni ikaandikwa mpya: mficha maradhi hana maradhi. Watoto waliiimba shuleni kila asubuhi, wengine wakiwa na homa.

Na mtu akiteleza ulimi akasema "ikiharibika" au "akifa", wote waliokuwapo walipaswa kuitikia kwa sauti moja: "Ishindwe na ilegee!" Asiyeitikia alihesabiwa mshiriki, akachukuliwa pamoja na msemaji.

Katika nchi hiyo ndimo alimorudi Injinia Sikudhani Mbaruku, kutoka masomoni ng'ambo, na shahada ya uhandisi wa viwanda na sanduku la sweta ambazo hazikumfaa tena. Alichosomea kinaitwa uundaji wa mifumo, na alikuwa amechoka kuwaeleza watu. Jirani mmoja alimuuliza kama ni aina ya ushonaji. Yeye alieleza hivi: unakichukua kiwanda kizima, na foleni yake ya matrekta ya miwa, na mashine za kukamua, na boila, na watu wa zamu, unakiunda upya kwa hesabu ndani ya kompyuta. Halafu unakiacha kifanye kazi mwaka mzima kwa muda wa kunywa chai. Kikikwama, kimekwama humo kwenye kioo, hakijamuumiza mtu, nawe unakwenda kukirekebisha kile cha kweli mapema. Unaanguka kwa uongo ili usianguke kweli.

Serikali ilimwita kwa sababu Kiwanda cha Sukari cha Taifa kilitoa sukari kidogo zaidi kila mwaka, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza kwa nini. Ikaonekana kompyuta yaweza kuuliza, maana haina mdomo.

Yeye mwenyewe aliifurahia kazi hiyo kwa sababu nyingine. Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake Shomari, tumbo moja, aliyemlea mwenyewe tangu mama yao afariki. Samahani, tangu mama yao aache kuonekana. Shomari alikuwa mwangalizi wa boila kiwandani humo. Kazi hiyo ni Sikudhani aliyemtafutia, kabla hajaenda masomoni, kwa kumbembeleza Mkurugenzi wa kiwanda mpaka magoti yakachubuka. Sasa Shomari alikuwa na mke, Riziki, na mtoto wa kike aliyeanza kusema. Alikuwa mtu wa mzaha, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na dada yake alimpenda kuliko hata alivyojua kusema.

Basi akakiunda kiwanda. Kila mfanyakazi akawa nukta ya manjano kwenye kioo. Nukta ya Shomari ilikaa kando ya boila, na Sikudhani alijikuta akiiangalia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Siku ya kukionyesha, Baraza la Mawaziri lilijaa. Alikuwapo Waziri wa Viwanda, Mheshimiwa Kirumbe, mnene, mpole, mwenye leso ya kujifutia jasho. Alikuwapo pia Mama Tunu, Afisa Mkuu wa Uchuro, na kengele yake ya shaba mapajani. Kila mkutano wa serikali ulikuwa naye. Walisema hata ndani ya nyumba yake watu hupiga chafya kwa kwenda nje.

Kioo kikawaka. Miwa ikaingia, juisi ikatoka, nukta zikahangaika huku na huko, mawaziri wakachekelea. Halafu boila likageuka jekundu, na kila kitu kikasimama.

"Penye shida ni hapa," akasema Sikudhani. "Boila limechoka. Mabomba yake yameota ukoko kwa ndani. Lisipozimwa likasafishwa, mvuke utakosa njia, na siku moja lita..."

Kengele ililia ngrii. "Ishindwe na ilegee!" baraza likaitikia. Waziri mmoja aliyekuwa amesinzia akaitikia mara mbili, kwa usalama wake.

Waziri Kirumbe akasimama taratibu. "Binti yangu," akasema, "sisi tumekuomba sukari, wewe umetuletea ajali. Boila la taifa hili lilikuwa zima mpaka dakika hii. Nani amelifanya jekundu? Ni mimi? Ni Baba Mtukufu? Si wewe na hicho kidude chako?"

"Ni hesabu, Mheshimiwa."

"Hesabu haina adabu, mwanangu," akasema Mama Tunu. "Yule wa daraja nilimfunga mimi. Mikono yangu bado ina nguvu. Nenda nyumbani, ukalale, kesho uje na boila lenye afya."

Sikudhani alikwenda nyumbani kwa Shomari, jua bado kali. Riziki alikuwa anakaanga vitumbua uani, mtoto kafungwa mgongoni. Akaeleza yote.

Shomari akacheka kicheko chake kile. "Dada nawe! Toa tu huo wekundu. Kile ni kioo, hakina moto."

"Nikiutoa wataamini, Shomari."

"Nani aamini? Hata wao hawaamini. Wanataka picha nzuri ya kumpelekea Baba Mtukufu. Wape picha yao, ule mshahara wako kwa raha."

"Na wewe unakaa na boila lile kutwa nzima."

"Mimi nakaa nalo tangu wewe uko ng'ambo. Tumezoeana."

Riziki akageuka, mwiko mkononi. "Wifi, ukifungwa wewe, tunabaki na nani? Tuna wewe tu. Toa."

Basi kesho yake Sikudhani akaketi akatoa kuharibika. Kuharibika kulikuwa kumefungamana na uchovu, akatoa uchovu. Uchovu ulifungamana na ugonjwa, akatoa ugonjwa. Nyuma kabisa, peke yake, kulikuwa na kifo, maana alikuwa mwanafunzi mzuri na hakusahau kitu. Akakitoa nacho. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kupika wali. Alijiambia ni picha tu, akajiambia tena, na mara ya tatu akaacha kujiambia kwa sababu aliona haya.

Alipokiwasha mbele ya baraza, kioo chote kilikuwa kijani. Sukari ilifurika mara tatu ya ile ya kweli, boila halikuzimwa mwaka mzima, na hakuna nukta hata moja iliyopumzika. Mawaziri walisimama wakampigia makofi mpaka mikono ikawauma. Sikudhani akainama kushukuru. Nisiwafiche, alifurahi kidogo.

Sasa fikirini kama watu wa Salamani. Nchi ina viwanda viwili vya sukari. Kimoja hakiharibiki, hakichoki, kinatoa sukari tele. Kingine kinatoa moshi na malalamiko. Mwenye akili anakifuata kipi? Baraza likaamua kile cha kwenye kioo ndicho kiwanda chenyewe, kikaitwa Kielelezo cha Taifa, kikajengewa ukumbi wa marumaru mjini na kutandikiwa zulia. Kile kingine, nyuma ya kilima, kikaamriwa kukifuata hatua kwa hatua.

Njia ya kukifuata ilikuwa kipaza sauti kilichounganishwa na Kielelezo. Kila saa kilitangaza kiwandani ni sukari kiasi gani imekwisha kutengenezwa, wafanyakazi wakapiga makofi, kisha wakarudi kutengeneza kiasi walichoweza. Kipaza sauti kikisema mashine mbio, ni mbio. Kikinyamaza, kila kitu kizimwe na watu watoke nje wasubiri. Ndivyo amri ilivyosema, ila hakikunyamaza hata siku moja.

Kwa kuwa kwenye Kielelezo hakuna kuharibika, karakana ya matengenezo ilifungwa, maana kukaa kwa mafundi pale na spana mikononi ni kuzisimanga mashine. Mafundi walihamishiwa kwaya ya kiwanda, na wale wa besi walisifiwa sana. Kwa kuwa hakuna uchovu, zamu tatu zikawa mbili. Kwa kuwa hakuna nukta inayokosekana, mfanyakazi asiyefika kazini alishtakiwa kwa kosa la kujiiba. Geji ya boila, ile saa ya kupimia mvuke, ilikuwa na pembe nyekundu pale mvuke unapozidi. Wakaipaka kijani yote, mshale ukawa huru kwenda utakako.

Likabaki jambo la vali. Juu kabisa ya boila palikuwa na vali ya usalama, kifaa kidogo, kazi yake kuachia mvuke ukizidi. Na ikiachia hulia kwa sauti nzito, uuu, uuu. Mama Tunu alipokuja kukagua akaisikia, akajishika kifua.

"Bundi!" akapiga ukelele. "Mnafuga bundi wa chuma juu ya paa la taifa! Nani asiyejua bundi akililia nyumba maana yake nini?"

Wote walijua. Hakuna aliyesema, maana kusema ni uchuro, lakini wote walijua. Ikaamriwa bundi anyamazishwe. Wakaikaza vali kwa waya, wakaikandika saruji, na juu yake wakafunga kibendera kipendeze.

Sikudhani aliyaona yote hayo kwa macho yake siku moja alipokwenda kiwandani kumpelekea mdogo wake chakula cha mchana. Joto la chumba cha boila lilimpiga usoni. Boila lilitetemeka, na sakafu ikatetemeka nalo. Akatazama juu, akaona saruji na kibendera. Kikapu kikamtoka mkononi, vitumbua vikamwagika mpaka nje ya mlango.

"Nani kafunga vali?" akapiga kelele ili asikike.

"Mimi hapa!" Shomari akajibu, uso umejaa jasho. "Kwa amri!"

"Unajua maana yake, Shomari?"

"Najua, dada! Tunajua wote! Asubuhi tunaomba dua, tunaingia!"

Akamvuta nje kwa mkono, kama alivyokuwa akimvuta alipokuwa mtoto. Uani palikuwa na nafuu ya kelele. "Kesho usije. Nakuomba. Kaa nyumbani."

Shomari hakucheka. Ilikuwa mara ya kwanza Sikudhani kumwona hivyo, na hilo lilimtisha kuliko boila. "Dada, kwenye Kielelezo chako mimi nipo au sipo?"

"Upo."

"Basi nipo. Jana wamemchukua mwenzetu aliyebaki nyumbani na tumbo la kuhara. Kajiiba, wamesema. Mkewe hajui alipo." Akainama kuokota vitumbua vilivyomwagika, akavipuliza mchanga mmoja mmoja. "Wewe ndiye unayejuana na wakubwa. Nenda ukaseme."

Njia nzima kwenda kwa Waziri alifanya mazoezi ya maneno. Boila litapasuka. Maneno mawili, si mengi. Alifika ofisini, akamkuta Waziri Kirumbe anakunywa chai, na Mama Tunu kajaa kwenye kiti cha pembeni, kengele mapajani. Akaitazama ile kengele.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Natoka kiwandani. Boila letu ni... zima."

"Marahaba, binti yangu. Alhamdulillahi."

"Ni zima mno, Mheshimiwa. Uzima wake umejaa mpaka hauna pa kutokea. Ile sehemu ya kutokea imezibwa."

Kikombe cha Waziri kilisimama njiani. Zamani, kabla ya siasa, bwana huyu alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari, na alikuwa mwalimu mzuri. Akakitua kikombe. Kisha akasema, "Mama Tunu, hebu nifanyie hisani, tuangalizie sukari ya chai, hii imekwisha."

Mama Tunu alipotoka, Waziri akainama mbele. "Unadhani sijui?" akanong'ona. "Mpwa wangu alikuwa pale pale kwenye boila. Nimemhamishia posta. Na wewe mwombee mdogo wako uhamisho."

"Na wengine, Mheshimiwa?"

"Wengine wana ndugu zao."

Hapo, jamani, Sikudhani angeweza kupiga kelele. Angeweza kusema yale maneno mawili, madirisha yakiwa wazi na watu wamejaa barazani. Badala yake akasema, "Basi mhamishe Shomari."

"Nitamhamisha, tena kwa moyo mmoja. Lakini baada ya Ijumaa. Ijumaa Baba Mtukufu anakuja kukitembelea Kielelezo, na ameambiwa idadi ya nukta. Moja ikipungua ataiona. Unamjua macho yake."

Mlango ukafunguka. Waziri akajinyoosha, akatoa sauti ya jukwaani: "Habari njema iliyoje! Uzima umejaa! Basi naamuru Ijumaa moto uongezwe, uzima ufurike nchi nzima!"

"Amina," akasema Mama Tunu, akaweka sukari mezani. Ilikuwa imetoka nchi jirani.

Ijumaa ukumbi wa marumaru ulinukia udi na manukato. Sikudhani alivaa gauni jipya, akaketi mbele ya kompyuta pembeni ya jukwaa. Wasichokijua wakubwa ni kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala bila kutenda. Alikuwa ameurudisha wekundu, kauficha chini ya kitufe kimoja. Akikibonyeza tu, boila la Kielelezo litakwama, kipaza sauti kitanyamaza, na kule nyuma ya kilima watazima moto na kutoka nje wasubiri. Shomari atatoka. Watatoka wote. Yeye atafungwa, na alishakubali. Alikwisha hata kumwambia Riziki wapi pa kupata funguo za nyumba yake.

Baba Mtukufu akaingia, watu wakasimama, wakaketi. Akaanza kuhutubia juu ya afya ya taifa.

Kidole cha Sikudhani kilikuwa juu ya kitufe. Lakini mzee alikuwa anazungumza. Alilelewa vizuri, ndiyo taabu yake. Mkubwa akisema, mdogo husubiri. Akajiambia, acha amalize sentensi hii. Sentensi ikazaa sentensi. Akajiambia, nitabonyeza watakapopiga makofi, kelele zitanificha. Wakapiga makofi, naye akaona Mama Tunu anamtazama, akaona bora makofi yajayo. Baba Mtukufu akafika kwenye boila. Akalisifu kwa jina. Akasema ni moyo wa nchi, na moyo wa nchi haupumziki.

Mlio ulikuja kutoka nyuma ya kilima. Marumaru ilitikisika, vioo vikalia, taa kubwa ya darini ikayumba. Baba Mtukufu akanyamaza, kinywa wazi. Wa kwanza kusema alikuwa Waziri Kirumbe, uso wake umekuwa wa majivu. "Ishindwe na ilegee!" Ukumbi mzima ukaitikia. Baba Mtukufu akatabasamu, akasema hata mbingu zinatupigia makofi, akaendelea pale alipoishia.

Kwenye kioo mambo yote yalikuwa kijani. Nukta ya Shomari ilikuwa kando ya boila, inafanya kazi. Sikudhani aliacha kiti, akatoka anakimbia, viatu mkononi.

Walimleta Shomari nyumbani kwa mkokoteni, kafunikwa kanga. Walimwosha, kile kilichokuwapo cha kuosha, wakamvika sanda. Wenzake watatu wa zamu walikuwa kwenye nyumba zao vivyo hivyo. Wazee wakaenda kuomba kibali cha mazishi, wakarudi mikono mitupu. Riziki akaenda mwenyewe, Sikudhani nyuma yake.

Karani wa vibali alikuwa kijana mwenye adabu. Akatazama kioo chake kidogo kilichounganishwa na Kielelezo. "Mama, mumeo hajafariki. Yuko zamu. Tena leo kafanya kazi vizuri kuliko jana."

"Yuko kitandani kwangu ndani ya sanda!" Riziki akasema.

"Basi katoroka kazini. Mnataka tumfungulie shauri la kujiiba?"

"Mwanangu, maiti haingoji. Nakuomba."

"Nakuelewa, mama, tena nakuonea uchungu. Lakini mtu aliye kazini hazikwi. Tukianza hivyo, nani atabaki?"

Siku ikapita, ikaja nyingine. Joto lilikuwa la mwezi wa pili. Majirani walifukiza ubani, kisha wakaongeza ubani, kisha wakaanza kukaa upande wa upepo. Mtoto alikuwa anauliza baba ataamka saa ngapi. Riziki hakuwa amelia bado, kwa sababu kumlilia aliye kazini nako kulikuwa na adhabu yake. Alimfuata Sikudhani jikoni, akasimama mbele yake.

"Wifi," akasema. "Wewe ndiye uliyemweka mle. Mtoe."

Sikudhani alipiga magoti, akamshika miguu. "Nisamehe, Riziki. Ni mimi niliyekitoa..."

"Sitaki habari zako. Sitaki kujua ulitoa nini ukaacha nini. Mume wangu anaoza. Mtoe."

Sikudhani alikwenda mjini mchana kweupe. Walinzi wa ukumbi wakampigia saluti, maana hawakuwa wamepewa amri nyingine. Akaketi. Hakukigusa kile kitufe alichokificha. Muda wake ulikuwa umepita. Alikwenda nyuma kabisa, pale palipokuwa na kifo, akakirudisha mahali pake. Ilichukua muda uleule, mfupi kuliko kupika wali. Akaandika majina manne, la Shomari mwisho, kwa sababu mkono ulikataa. Akabonyeza. Nukta nne zikazimika, boila likabaki bila mtu likawa jekundu, na kile kipaza sauti nyuma ya kilima kikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu kifungwe.

Alasiri vibali vilitoka vyote vinne. Karani yule yule, adabu ile ile, akawapa pole. Shomari alizikwa kabla jua halijazama. Hapo ndipo Riziki alipolia, na mtaa ukalia naye, na mitaa mitatu mingine nayo ikalia kwa ajili ya wao wenyewe, mpaka kilio kikafika mjini na watu wa wizara wakafunga madirisha. Methali mnaijua. Mimi siisemi, ilikwisha kufutwa.

Sikudhani akakamatwa, na kesi haikuchukua muda. Mama Tunu aliendesha mashtaka mwenyewe, kengele mezani. "Mheshimiwa Jaji," akasema, "mpaka saa sita mchana wa siku ile, kwa mujibu wa Kielelezo cha Taifa, watu hawa wanne walikuwa hai na boila lilikuwa zima. Walinzi wamemwona mshtakiwa akiingia. Akabonyeza. Watu wanne wakafa, boila likaharibika. Aliwaua kwa kidole. Sina la kuongeza."

Waziri Kirumbe alitoa ushahidi kwamba mshtakiwa alikuja ofisini kwake akasema kwa kinywa chake boila ni zima mno. Alijifuta jasho wakati wote, na hakumtazama.

Jaji akavua miwani. "Mshtakiwa, unakiri au unakana?"

Sikudhani alitazama ukumbini. Walijaa wale wale wa kila siku, mawaziri mbele, watu wa kiwanda nyuma. Riziki alikuwa kasimama karibu na mlango, mtoto kifuani.

"Nakiri," akasema. "Niliwaua, Mheshimiwa Jaji. Ila siku mmekosea."

"Siku ipi basi?"

"Ile mliyonipigia makofi. Boila lilikuwa bovu, nilijua ni bovu, nikalipaka kijani. Boila lilikuwa bovu tangu mwanzo."

Mama Tunu akapiga kengele. Watu wote wakaitikia, isipokuwa Riziki.